Mboni ya Jicho na Pazia Lake

Watu wengi wanaofika hospitali kwa ajili ya macho husema neno moja tu: "Jicho langu ni jekundu." Lakini wekundu wa macho si wa namna moja. Kuna wekundu unaopona kwa siku chache, na kuna wekundu ambao ukiungojea siku tatu unaweza kuondoka na kuona kwako. Utautambuaje huu na ule? Nyumbani huna vyombo vya daktari. Lakini unacho kitu kimoja cha kutazama, nacho ni mboni ya jicho. Katika somo hili tutaona jinsi mboni ilivyo, magonjwa yanayoiharibu, na kazi anayoifanya daktari kwa kisu wakati dawa peke yake hazitoshi.

1. JICHO LILIVYO

Tazama jicho la mwenzako. Utaona weupe, na katikati ya weupe duara lenye rangi. Kwa watu wa kwetu rangi hiyo ni ya kahawia, mara nyingi karibu na nyeusi. Katikati ya duara lipo tundu dogo jeusi. Tundu hilo ndilo mboni. Duara lenye rangi madaktari huliita irisi. Sisi hapa tutaliita pazia, kwa maana kazi yake ni kama kazi ya pazia la dirisha.

Pazia hili lina misuli midogo ya namna mbili. Mmoja unaizunguka mboni kama kamba ya mdomo wa mfuko. Ukikaza, mboni inakuwa ndogo. Mwingine unavuta kutoka pande zote, na mboni inapanuka. Ukitoka juani na kuingia ndani ya nyumba yenye giza, mboni inafunguka ili mwanga uingie. Ukirudi juani, inajifunga. Inafanya kazi hiyo mchana kutwa bila wewe kuiamuru.

Mbele ya pazia kuna kioo cha jicho, ambacho ni kigumu kidogo na cheupe kama maji safi. Nyuma ya pazia kuna lenzi. Lenzi hiyo ikiingia ukungu, tunasema mtu ana mtoto wa jicho.

Tena kuna maji ndani ya jicho. Haya si machozi. Maji haya yanatengenezwa nyuma ya pazia, yanapita katika mboni, kisha yanatoka katika kona nyembamba pale pazia linapokutana na kioo. Uishike sana habari hii ya njia ya maji, kwa sababu njia hiyo ikizibwa, jicho linajaa na kuwa gumu, na mshipa unaopeleka habari za kuona kwenye ubongo unaanza kufa.

2. JINSI YA KUITAZAMA MBONI

Mketishe mtu karibu na dirisha. Kwa kuwa macho yetu ni meusi, mboni haionekani upesi. Chukua tochi, hata ile ya simu, umulike kutoka upande, usimchome usoni. Uliza maswali manne:

Kwanza, je, mboni ni ya mviringo kamili, au imepinda?

Pili, je, mboni ya kuume na ya kushoto zinalingana?

Tatu, je, ukimulika inapungua, na ukiondoa mwanga inapanuka?

Nne, je, ni nyeusi safi, au kuna weupe ndani yake?

Watu wengine wenye afya wana mboni zisizolingana kidogo tangu utoto, wala hawana maumivu. Hao wasiogope. Lakini mboni iliyobadilika juzi au jana, katika jicho jekundu lenye maumivu, ni neno la haraka.

Linganisha sasa. Katika ugonjwa wa kawaida wa macho mekundu, ule unaopita kutoka mtoto hadi mtoto nyumbani, kuna matongo, kope zinashikana asubuhi, na macho yanawasha kama yana mchanga. Wekundu ni mwingi ndani ya kope. Mtu akifuta matongo anaona vizuri, na mboni yake ni ya mviringo, inacheza na mwanga. Katika wekundu wa hatari matongo ni machache au hayapo. Wekundu umekusanyika kando ya duara lenye rangi. Jicho linauma ndani kabisa, mwanga unaliumiza, kuona kumepungua, na mboni imebadilika. Mtu wa namna hii asilale nyumbani akingojea kesho kutwa.

3. PAZIA LIKIVIMBA

Ugonjwa wa kwanza wa pazia ni uvimbe wake. Mboni inakuwa ndogo kuliko ile ya jicho la pili. Pazia lililovimba linatoa utomvu, na utomvu huo unaligandisha kwenye lenzi iliyo nyuma yake, kama karatasi mbili zenye gundi. Likishikana mahali pamoja na kuachia pengine, mboni inapinda. Likishikana mzunguko wote, maji hayana njia tena ya kupita. Pazia linasukumwa mbele kama tanga la mtumbwi, na jicho linakuwa gumu.

Ugonjwa huu unatoka wapi? Mara nyingi hata daktari haoni chanzo. Mara nyingine chanzo ni ugonjwa ulio mwilini: kifua kikuu, kaswende, ukoma, mkanda wa jeshi uliotokea usoni, virusi vya UKIMWI, au ugonjwa wa viungo unaokaza mgongo. Kwa hiyo usikasirike ukija kwa ajili ya jicho, na daktari akakuuliza habari za kikohozi, au akataka damu yako ipimwe. Hajapotea njia. Anatafuta moto ulipo, maana ameona moshi machoni.

Wenye ukoma, na wale waliokwisha kupona ukoma, wawe macho zaidi. Kwao pazia linaweza kuharibika polepole pasipo wekundu wala maumivu makubwa. Waonyeshe macho yao hata kama hawasikii kitu.

Dawa ya uvimbe huu ina kazi mbili. Matone ya atropini yanafungua mboni kwa nguvu, ili pazia lisigande. Matone mengine yanatuliza uvimbe. Ukitiwa atropini, hutaweza kusoma vizuri kwa siku kadhaa, hata wiki moja au zaidi, na jua litakusumbua. Usifadhaike, ndiyo kazi ya dawa. Lakini chupa hiyo uifiche mbali na watoto, kwa sababu atropini ikinywewa ni sumu.

4. UPOFU WA MTONI

Kuna ugonjwa mmoja wa macho ambao nchi yetu ya Kongo ina sehemu kubwa katika historia yake. Daktari Mbelgiji aliyeitwa Jean Hissette alikuta vipofu wengi katika vijiji vya karibu na mto Sankuru, huko Kasai. Mwaka 1932 aliandika kwamba upofu ule unaletwa na minyoo midogo sana inayotembea chini ya ngozi na kuingia machoni. Wengine hawakusadiki. Mwaka 1934 wataalamu kutoka chuo cha Harvard cha Marekani walikuja Kongo kutazama, wakaona kwamba alisema kweli.

Minyoo hiyo hupandwa na inzi mdogo mweusi anayezaa katika mito yenye maji ya kasi. Mtu anawashwa ngozi, anapata vinundu juu ya mifupa, na baadaye macho yanashikwa. Minyoo ikifa ndani ya jicho, kioo kinaingia ukungu na pazia linavimba kidogo kidogo. Mboni inavutwa kuelekea chini mpaka inafanana na pera. Ndiyo sababu daktari akikuta mboni ya umbo la pera kwa mtu aliyekulia kando ya mto wa kasi, anamwuliza habari za kuwashwa.

Tangu mwaka 1987 dawa iitwayo Mectizan imetolewa bure kwa nchi zenye ugonjwa huu. Inaua minyoo michanga, si mama yao, na kwa hiyo hunywewa tena na tena kwa miaka mingi. Inywe kutoka kwa wale waliofundishwa kuigawa. Katika sehemu nyingine za Kongo kuna minyoo ya namna nyingine, iitwayo loa, na mwenye minyoo hiyo mingi anaweza kupata hatari kubwa akinywa Mectizan bila kuangaliwa. Pazia likiisha kuharibika, dawa hairudishi umbo lake. Lakini inalinda kuona kulikobaki.

5. NJIA YA MAJI IKIZIBWA GHAFULA

Soma sehemu hii polepole, maana ugonjwa huu unajificha. Mtu mzima, mara nyingi aliyepita miaka 40, anashikwa na maumivu makali ya kichwa upande mmoja. Anatapika. Nyumbani wanasema, "Ni malaria," au, "Ni presha." Wanampa vidonge, naye analala. Asubuhi jicho la upande ule halioni.

Je, wangefanya nini? Wangetazama mboni. Katika ugonjwa huu jicho ni jekundu, kioo kina ukungu, na mboni imepanuka nusu, wala haisogei ukimulika. Pengine mgonjwa alisema kwamba akitazama taa anaona duara za rangi kama upinde wa mvua. Ukigusa jicho kwa upole juu ya kope iliyofungwa, ni gumu kama jiwe, na lile la pili ni laini.

Kilichotokea ni hiki: pazia limesukumwa mbele na kuifunga kona ile ambayo maji hutokea. Maji yanaendelea kutengenezwa, lakini mlango umefungwa. Huu ni mmoja wa magonjwa yanayoitwa glakoma. Hapa saa zinahesabiwa. Hospitali itampa matone na vidonge vya kupunguza maji, kisha daktari wa macho atatoboa pazia.

Kutoboa pazia si kazi ya jana. Mwaka 1728 mpasuaji William Cheselden wa London aliandika jinsi alivyofungua tundu jipya katika pazia la macho ambayo mboni zake zilikuwa zimezibika. Mwaka 1857 Daktari Albrecht von Graefe wa Berlin alitangaza kwamba kukata kipande kidogo cha pazia kunaponya glakoma ya ghafula, ambayo kabla yake ilikuwa ikipofusha watu wengi. Kwa nini kunaponya? Kwa sababu maji yanapata mlango wa pili. Pazia linarudi nyuma, na kona inafunguka.

Siku hizi penye mashine, tundu hilo hufanywa kwa mwanga wenye nguvu uitwao leza. Mgonjwa anaketi mbele ya chombo, na kazi inakwisha kwa dakika chache. Pasipo na leza, kisu bado kinafanya kazi ile ile. Daktari hukata kipande kidogo sana, mara nyingi upande wa juu, ambapo kope inafunika, wala watu hawatakiona. Tena atataka kulitoboa pazia la jicho la pili ambalo bado ni zima. Usikatae. Macho mawili ya mtu mmoja yameumbwa kwa namna moja, na lililompata la kwanza linalingoja la pili.

Ujue pia kwamba kuna glakoma nyingine, isiyo na maumivu wala wekundu, nayo ndiyo inayopofusha watu wengi zaidi katika Afrika. Kona iko wazi, lakini maji yanatoka kwa shida. Hiyo mboni haitakuonyesha mapema. Basi mwenye baba, mama au ndugu aliyepofuka kwa glakoma, na apimwe macho hata kama anaona vizuri.

6. JERAHA LINALOTOBOA JICHO

Hapa Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, malori yanangoja katika mistari mirefu, na kando yake mafundi wanagonga vyuma kwa nyundo na tindo. Wengine wanapasua mawe yenye shaba. Wengine wanapasua kuni na kuchoma makala. Watoto wanatengeneza magari ya waya. Katika kazi na michezo hii yote kitu kidogo kinaweza kuruka na kutoboa kioo cha jicho.

Kioo kikitobolewa, maji yanatoka mbio, na pazia linafuata maji. Linaingia katika jeraha na kuliziba. Utaona kitu kidogo cheusi kimetokeza juu ya jicho, kama kichwa cha inzi. Watu wengi hudhani ni uchafu, wakataka kuutoa. Usiguse! Hilo ni pazia lenyewe. Ukilivuta, umelipasua jicho. Na mboni itakuwa imepinda, imevutwa kuelekea jeraha, kama chozi linalodondoka.

Fanya hivi:

Usilioshe jicho lililotobolewa, usilikamue, usitie dawa, wala mafuta, wala maziwa ya mama, wala maji ya mizizi.

Usifunge kitambaa kinachobana. Chukua kikombe cha karatasi au kitako cha kopo safi la plastiki, ukiweke juu ya jicho kwa namna kinavyokaa juu ya mifupa, kisha ukishike kwa bandeji.

Kama kuna mti au chuma kimesimama ndani ya jicho, usikichomoe.

Mgonjwa asile wala asinywe, kwa maana huenda atalazwa usingizi kwa upasuaji. Atahitaji pia sindano ya pepopunda.

Mpeleke siku ile ile. Toka Kasumbalesa hadi Lubumbashi ni karibu kilometa 90, na huko ziko hospitali kubwa. Ulizia daktari wa macho.

Huko daktari atalisafisha pazia na kulirudisha ndani, au kama limekwisha kufa au kuchafuka, atakata sehemu iliyotoka. Kisha atashona kioo kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Pengine jeraha ni dogo hata mtu halioni. Amegonga nyundo, amesikia kama mdudu amempiga jichoni, na maumivu yameisha. Lakini kipande cha chuma kimebaki ndani. Baada ya miezi kinaingia kutu, na pazia linageuka rangi, na kuona kunafifia. Basi kila fundi aliyesikia kitu kimempiga wakati wa kugonga chuma, na apimwe, hata kama anaona.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Mara chache, jicho lililotobolewa pale kwenye pazia linaamsha ugonjwa katika jicho la pili ambalo halikuguswa. Hutokea baada ya wiki au miezi, hata baada ya miaka. Jicho zima linauma, linachukia mwanga, na kuona kunapungua. Ukiwa na jeraha la zamani na sasa jicho zuri linaanza kusumbua, njoo siku ile ile. Kumbuka habari za Louis Braille wa Ufaransa. Mwaka 1812, akiwa na miaka 3, alijichoma jicho moja kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake. Ugonjwa ukaenda katika jicho la pili, na akiwa na miaka 5 alikuwa kipofu kabisa. Baadaye ndiye aliyebuni maandishi ya nukta ambayo vipofu wa dunia nzima wanayasoma kwa vidole.

7. WATOTO WALIOZALIWA NA PAZIA LENYE KASORO

Mtoto mwingine anazaliwa na mboni inayofanana na tundu la ufunguo, kwa sababu pazia halikukamilika upande wa chini. Mtoto mwenye ualbino ana pazia lenye rangi kidogo sana, na mwanga unalipita kama kitambaa chepesi. Hii si laana wala si kosa la mama. Mtoto huyo apewe kofia pana na miwani ya jua, apimwe miwani ya kuonea, na shuleni aketi mbele karibu na ubao.

Lakini ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto mchanga, kama jicho la paka usiku, usingoje hata wiki. Huenda ni mtoto wa jicho, ambaye anaweza kutolewa. Na huenda ni saratani ya jicho, ambayo ikikawia inaua.

8. HABARI ZA DAWA ZA SOKONI NA HOFU YA KISU

Kuna matone yanayofungua mboni, na kuna matone yanayoifunga. Kuna matone ya kutuliza uvimbe ambayo ni mema kwa pazia lililovimba, lakini yakitiwa katika kidonda cha kioo yanaweza kukifanya kidonda kile kiliharibu jicho lote. Chupa zote zinafanana. Kwa hiyo usitumie chupa ya jirani, wala usinunue matone kwa kuelezea tu kwamba "jicho ni jekundu". Chupa iliyomponya mama mkwe inaweza kukupofusha wewe.

Tena wengine wanaogopa wakisikia kwamba daktari anatoa jicho nje, analiweka mezani, kisha analirudisha. Si kweli. Katika upasuaji wa pazia jicho halitoki mahali pake. Mtu mzima anapigwa sindano ya ganzi kando ya jicho, naye yu macho, anasikia sauti ya daktari. Mtoto analazwa usingizi. Baada ya kazi, usilisugue jicho, usiiname kuinua mzigo, wala usibebe ndoo ya maji au gunia la makala kichwani mpaka daktari akuruhusu. Maumivu yakizidi au kuona kukipungua, rudi mara moja.

Tena tuseme kweli. Kisu hakirudishi kuona ambako mshipa wa jicho umekwisha kupoteza. Kinalinda kile kilichobaki. Ndiyo maana mtu aliyekuja siku ya kwanza na mtu aliyekuja siku ya kumi hawatoki hospitali na jicho la namna moja, hata kama walipasuliwa na mkono ule ule.

MAULIZO

1. Mambo manne ya kutazama katika mboni ni yapi?

2. Mtu anatapika na kichwa kinamwuma upande mmoja. Utatazama nini kabla ya kusema ni malaria?

3. Kwa nini tusitoe kitu cheusi kinachotokeza katika jeraha la jicho?

4. Kwa nini tusitumie dawa ya macho ya jirani?

Msomee somo hili mtu wa nyumbani kwako asiyejua kusoma. Kisha chukueni tochi, mtazamane mboni leo, mngali wazima, ili mjue jinsi zilivyo kabla ya ugonjwa kuja.